Kopo Limerudi Limejaa

Mtoto wa kike hamuulizi babake habari za choo.
Kwa hiyo nilisoma kopo.
Kopo la bati, zamani la maziwa ya unga, mpini wa waya:
huenda nalo nyuma ya nyumba limejaa,
likirudi tupu nasema moyoni alhamdulillahi,
naendelea kuchambua karafuu.

Mwaka wa tatu huu tangu tawi limwangushe,
na vidonge vya mgongo, vinavyomtuliza,
vikamfunga tumbo.
Siku tatu, siku nne, tulishazoea.
Papai la alfajiri, maji ya ukwaju,
msanamaki uliochemshwa mpaka nyumba nzima inanuka majani.
Siku ya tano kopo hurudi jepesi
na yeye akicheka peke yake mlangoni.
Mazoea ni kitanda kizuri.
Tulilala juu yake.

Safari hii siku ya sita limerudi limejaa.
Ya saba, limejaa.
Nilikuwa naweka makonyo ya karafuu dirishani,
konyo moja kwa kila siku, asijue mtu.
Shangazi Mwanakhamis akaja na chupa ya mbarika.
Kaka akapiga simu kutoka Maskati:
"Mzee ndivyo alivyo, kwani humjui?"
Na msimu umeiva, jamvi limejaa, wingu limeinama juu ya Mtambwe;
nani aache karafuu ziote ukungu kwa ajili ya choo?
Ndivyo tulivyosema.
Na mimi nilisema.

Usiku wa siku ya nane alikataa uji.
Akatapika maji ya kijani.
Akatapika tena, na mara ya pili
ilikuwa harufu isiyopaswa kutoka kinywani mwa mtu.
Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake,
mimi, ambaye sijamgusa tumbo tangu nizaliwe:
limevimba, limekaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa leo.
Shangazi keshazibua chupa. Kijiko ki mkononi.

Hapo haya ikanitoka.
"Baba, upepo unatoka?"

Akageukia kiambaza.
Mwanamme aliyepanda mikarafuu miaka arubaini
alilitafuta jibu kwenye udongo.
"Tangu juzi," akasema. "Hata huo."

Hata huo.
Nilimshika Shangazi mkono, mbarika ikamwagika mkekani.
Mlango ukikomewa kwa nje
huwasukumi walio ndani.

Sikumpigia kaka. Sikungoja adhana.
Nilimgongea Kombo Dadi, mwenye gari ya karafuu,
akashusha magunia saba gizani
bila ya kuuliza nani atayalinda.
Njia ya Wete ina mashimo,
na kwa kila shimo Baba alimwita mama, marehemu,
kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwa nalijua.

"Tangu lini hajapata choo?" muuguzi akauliza.
Nikafungua kiganja: makonyo manane, yameroa jasho.
Aliyahesabu kwa kidole. Hakucheka.
"Ametapika? Upepo je? Homa?"
Nikajibu yote kwa sauti, mbele ya watu,
kama mtu anayetaja bei.
Wakamtia mpira puani. Utumbo umeziba, daktari akasema,
wanamtayarishia chumba cha kupasulia.
"Mngengoja jua lichomoze..."
hakumaliza, akaenda kunawa mikono.

Karafuu zetu ziliingia mvua.
Tuliziuza kwa bei ya makonyo, na kaka alilalamika sana.
Hilo silijutii.
Najutia lile konyo la saba,
nililoliweka dirishani, nikaenda kulala.

Jana, wiki ya tano tangu apasuliwe,
alichukua kopo, akaenda polepole kwa bakora.
Nikajifanya napepeta mchele.
Akarudi. Akaliweka kizingitini kwa upande, lisimame vibaya,
ili nione ndani.
Tupu.
Hatukusemezana.
Nikaenda kulijaza.